Kifuniko cha Tangi la Daktari

Sisi tuliokulia Shauri Moyo, Nairobi, hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Nyundo za Kamukunji zilituamsha, mafundi wakigonga mabati ya masanduku na majiko, gonga, gonga, tangu jua halijachomoza vizuri hadi linazama. Mgeni akilala kwetu aliamka akilalamikia kichwa. Sisi tulishtuka siku ya Jumapili tu, kwa sababu kulikuwa kimya. Simu ilikuwa moja, ya sarafu, kando ya duka, na mara nyingi mkono wake ulikuwa umeng'olewa. Hatukuona kama tumekosa kitu. Mtu aliyekutaka alisimama uani akaita jina lako, na kama wewe hukusikia alisikia mama yako, na hapo ilikuwa lazima utokee.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Mnakumbuka gololi tulizoziita bano, na mchezo wa kati wa kukwepa mpira, na bladda, ile kamba ya mpira ya kuruka, iliyounganishwa vipande vipande hadi ikawa na mafundo kama uti wa mgongo. Mnakumbuka mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, ukila unakula na habari za jana. Leo kijana wangu akikosa mtandao nusu saa analala kwenye kochi kama mgonjwa wa malaria, na ananitazama kama kwamba ni mimi niliyeukata.

Yote hayo nayakumbuka kwa raha. Taabu ni kwamba nikishaanza kukumbuka siwezi kukomea kwenye mandazi. Nafika hadi uani kwetu, kwenye benchi la baba, na raha huishia hapo.

Baba alikuwa seremala wa mabehewa ya reli. Alitoka Bungoma akiwa kijana ambaye hajaota ndevu, akaingia karakana, akakaa huko miaka. Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi Ouma, mpaka rangi wa mabehewa hayo hayo. Baba alitengeneza, Ouma akapaka, na jioni walirudi pamoja kwa miguu wakibishana mambo ya mpira. Sisi watoto hatukumwita Ouma; tulimwita Baba Akinyi, kwa sababu ya binti yake. Akinyi na mimi tulikuwa na miaka kumi wote wawili. Tulikaa dawati moja shuleni, na tulikuwa na jozi moja ya viatu vizuri kati yetu: wiki akivaa yeye kuimba kanisani, mimi nilikaa nyuma na sapatu za mama.

Wanaume wale wawili walipopunguzwa kazini, barua zao zilikuja siku moja. Baba alikaa ndani siku tatu akitazama ukuta. Siku ya nne Baba Akinyi alikuja na benchi kuukuu mgongoni, akalitua uani, akasema, "Baba Nekesa, mikono hawajatupunguzia. Toka nje." Ndivyo walivyoanza. Walitengeneza stuli, vitanda, makabati ya sahani. Baba alikata na kuunga, Baba Akinyi akapaka. Watu wa soko la Gikomba waliwajua.

Kisha akaja daktari wa meno.

Alikuwa na kliniki Ngara, na kwenye chumba cha kungojea alikuwa ameweka tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya dhahabu, watoto wawaangalie wasahau mayowe yanayotoka chumba cha ndani. Samaki hao walikuwa na tabia ya kuruka. Asubuhi mfagiaji alikuta mmoja au wawili wamekauka sakafuni. Daktari alitaka kifuniko cha mbao, chenye taa ndani na mlango mdogo wa kupitishia chakula, kitakachopendeza kama samani na kisichooza.

Baba Akinyi alicheka hadi akashika ubavu. "Daktari, kwetu ziwani samaki huangaliwa akiwa kwenye sahani. Na hatumwangalii muda mrefu." Baba naye akacheka, akaongeza kwamba kwao Bungoma hata kuku hafunikwi vizuri hivyo. Walikuwa wanaweza kutaniana namna hiyo siku nzima na hakuna aliyeumia.

Lakini kazi waliichukua kwa uzito kuliko nilivyowahi kuona. Kifuniko cha kwanza kilikuwa cha plaiwudi. Baba alikiweka juu ya karai la maji yaliyochemka ili kuona mvuke utafanya nini, na baada ya siku mbili plaiwudi ilivimba kama andazi lililotumbukia chai, maungo yakaachana. Baba alikivunja. Cha pili alikitengeneza kwa mvule, mbao alizokuwa amezihifadhi chini ya kitanda tangu siku za karakana, akaziunga kwa meno yanayoumana kama vidole vya mtu anayeomba. Hakutumia msumari hata mmoja. Skrubu zilikuwa za shaba, kwa sababu chuma kingetapika kutu. Ndani ya kila pembe alipitisha ile gundi ya mafundi wa vioo inayonuka siki, akaisawazisha kwa kidole kilicholowa mate.

"Maji hayana haraka," alituambia mimi na Akinyi, tuliokuwa tumechuchumaa tukitazama. "Yanazunguka yakitafuta tundu. Ukiacha hata la sindano, yatalipata."

Basi Baba Akinyi akaanza kupaka. Mkono wa kwanza vanishi ilikuwa nyepesi, imechanganywa na tapentaini ili mbao inywe. Ikakauka. Tukapewa msasa, Akinyi na mimi, tukasugua taratibu hadi ikawa laini kama shavu. Mkono wa pili, msasa. Mkono wa tatu. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia hadi kwenye meno, na vanishi haikutaka kukauka. Kifuniko kilihamishwa kufuata kijua kutoka ukuta huu hadi ule kama mzee mgonjwa. Kufika mkono wa tano kilikuwa na rangi ya chai ya rangi na uliweza kuona uso wako ndani yake.

Wakati wote huo Baba Akinyi alikuwa anatuonya. "Hapa ndani asiguse mtu. Samaki anavuta maji kama wewe unavyovuta hewa. Kitakachodondoka humo, yeye anakivuta." Nilimsikia. Naweza kukuonyesha hata mahali nilipokuwa nimesimama nilipomsikia.

Daktari alikuja kukiona, akakipapasa kama mgongo wa farasi. Alisema ana wenzake wawili wenye matangi kama yake, na hoteli moja mjini ilikuwa imemwuliza. Alipoondoka, Baba Akinyi alichukua kipande cha mbao akakipaka nyeupe, na juu yake kwa herufi nyekundu zenye kivuli akaandika jina la baba na jina lake, moja kando ya lingine. Alikiegemeza ukutani. Walikuwa watafute chumba cha kukodi, watoke uani. Mama alianza kusema habari za kunihamisha shule.

Jumamosi kabla ya kifuniko kupelekwa, baba na Baba Akinyi walikwenda Makadara kwenye matanga ya mwenzao wa karakana. Akinyi alikuwa ameenda na mama yake sokoni. Mimi nilikuwa na benchi peke yangu, na nilijiona fundi. Niligeuza kifuniko juu chini, nikakikagua kama nilivyomwona baba akikagua, pembe kwa pembe. Na nikaona tundu.

Lilikuwa tundu la waya wa taa. Baba alikuwa amelitoboa mwisho kabisa, baada ya vanishi kukauka, na kuta zake zilikuwa mbao tupu, nyeupe kama mfupa. Maji yangelipata. Wakubwa wote wawili walikuwa wamesahau, na mimi nimeona! Sikujua kwamba Baba Akinyi alikuwa amepanga kuliziba Jumatatu asubuhi kwa gundi ya vioo waya ukishapita. Hakuna aliyemwambia mtoto mipango ya Jumatatu.

Kopo la vanishi lilikuwa limekauka. Kando yake palikuwa na kopo jingine lisilo na karatasi, na ndani yake maji ya rangi ile ile ya chai. Nilichana kipande cha sponji ya godoro, nikachovya, nikapaka tundu. Pembeni ya tundu pakawa na doa jeusi kidogo kuliko vanishi. Nikapaka kuzunguka doa ili lifanane. Likawa doa kubwa zaidi. Basi nikapaka upande wote, kisha pande zote, hadi ndani nzima ikawa rangi moja, na pale nilipokuwa nimekishikilia kwa mkono wa kushoto sikurudi kupaka. Nikakigeuza kama kilivyokuwa. Nilitaka kumwambia baba jioni, anisifu. Lakini alirudi na homa, macho mekundu, akaingia kulala, na Jumapili ikapita, na Jumatatu asubuhi nikiwa shuleni walikifunga kwa blanketi wakakipeleka Ngara.

Mtauliza kwa nini hawakunusa. Baba alikuwa na homa ile, pua imeziba. Baba Akinyi naye, baada ya miaka ya kupulizia rangi ndani ya mabehewa, pua yake ilikuwa imekufa zamani; alikuwa anatutania kwamba anamjua mkewe kwa sauti tu.

Ijumaa mchana, tumetoka shule, gari la daktari likaingia hadi uani. Hakusalimia. Alifungua buti, akatoa kifuniko, akakiweka juu ya benchi kikiwa kimegeuzwa.

"Fundi," alimwambia baba, "nusa humu."

Baba aliinama akaingiza uso. Homa ilikuwa imemwisha. Aliponyanyua kichwa, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Dawa ya mchwa," alisema.

"Taa ikiwaka kinatoa jasho," daktari alisema. "Jasho linadondoka. Sina samaki hata mmoja. Watoto wamewaona wakielea."

Baba alimgeukia Baba Akinyi. "Kopo la dawa ni la nani?"

"Ni langu, la kupakia milango ya vyoo. Lakini sikulitumia kwenye hiyo kazi, Baba Nekesa. Naapa."

"Kwa hivyo limejipaka lenyewe?"

Watu walikuwa wameanza kutoka milangoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, Akinyi amenishika mkono. Nilijaribu kufungua mdomo. Nikavuta shuka karibu nami.

Baba Akinyi aliinama juu ya kifuniko. Alikitazama ndani muda mrefu, akipitisha kidole polepole, kisha akafika kwenye pembe moja akasimama. Pale palikuwa na alama za vidole vinne kwenye ile dawa iliyokauka, vidogo, vya mkono wa kushoto. Aliweka kidole chake juu ya alama moja. Kiliifunika yote na kubaki. Akainua macho, akatafuta, akaniona kati ya shuka mbili. Alinitazama mara moja tu. Kisha akatazama mkanda uliokuwa kiunoni mwa baba. Ua zima liliujua mkanda ule.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilichanganya makopo. Daktari, nisamehe."

"Umechanganya?" Baba alimsogelea. "Miaka ishirini unapaka rangi, leo ndiyo unachanganya?"

"Nimekosa, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu! Nyinyi watu wa ziwa, samaki mnamjua wa kula tu. Ni mimi mjinga, niliyeacha watu wa kwetu nikafanya kazi na wewe."

Mama Akinyi, aliyekuwa akichagua omena mlangoni, aliweka sinia chini. Baba Akinyi alisimama kidogo kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali, kisha akachukua brashi zake, zake tu, akazifunga kwa kitambaa, akaingia ndani. Akinyi aliachia mkono wangu. Hakuniangalia, alikimbia kumfuata babake.

Nilimwambia mama jioni ile, nikilia, nikimwonyesha gauni langu la Jumamosi lenye madoa. Aliliona tangu Jumamosi; alikuwa ameshalisugua kwa mafuta ya taa akidhani ni vanishi. Alikaa juu ya debe, akashika kichwa. Nilidhani atanishika mkono tuende kwa baba.

"Nyamaza," alisema. "Umesikia? Baba yako ameshasema mbele ya watu. Unataka arudi akaombe msamaha kama mtoto? Unataka akuue? Maneno yakimwagika hayazoleki." Alilichukua gauni akalitia kwenye moto wa jiko.

Hayo ndiyo malezi yetu tunayoyasifu. Mama alinipenda, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Siku hizi watu wa rika langu wanasema kwamba zamani mtoto alilelewa na mtaa mzima. Ni kweli. Mtaa mzima ulimsikia baba akimtukana mtu asiye na hatia, na kesho yake mtaa mzima ukasema, "Ouma naye, uzembe." Habari ikafika Gikomba mbele ya jua. Hakuna aliyempa tena kazi ya kupaka kitanda cha mtoto au kabati la vyombo. Nani anataka sumu ndani ya nyumba? Mwisho wa mwezi walihama. Mama Akinyi alirudi nyumbani ziwani na wadogo. Akinyi alienda naye. Hakuniaga, na mimi sikwenda kumuaga. Nilikaa chooni hadi mkokoteni wao ukaondoka.

Daktari hakurudi. Baba hakuwahi kupata mpaka rangi mwingine wa kiasi kile. Alipaka mwenyewe, vibaya, na wateja wakapungua hadi akaenda kuajiriwa na kijana mmoja wa Gikomba aliyekuwa akimwamrisha kwa filimbi.

Nilimwona Baba Akinyi mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimetumwa Mathare kwa shangazi. Alikuwa juu ya ngazi akichora ng'ombe kwenye ukuta wa buchari, ng'ombe mzuri, mwenye kope. Alikuwa amekonda, na alikohoa kila baada ya kuchovya brashi. Nilitaka kupita. Aliniita.

"Nekesa! Umekuwa mkubwa. Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Unasoma?"

"Ninasoma."

"Soma sana. Msalimie baba."

Nilisimama pale chini ya ngazi. Hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na mkanda, baba yangu hakuwapo, mama hakuwapo. Ningeweza kusema maneno mawili tu. Nikasema, "Haya, kwaheri," nikaenda. Na salamu sikuzifikisha.

Alifariki mwaka uliofuata, kifua. Tulipata habari ameshazikwa. Baba aliposikia alikuwa anakula. Alisukuma sahani, akatoka, akakaa kwenye benchi uani hadi mama akamfuata na koti.

Miaka imepita. Shauri Moyo nimeihama, nina nyumba ya ghorofani Njiru, na mama alipofariki nilimchukua baba akae nami. Alikuwa mzee mpole, mtu ambaye wanangu hawaamini kwamba aliwahi kumiliki mkanda. Siku moja, mwaka jana, tulikuwa tumekaa kibarazani tukichambua mrenda. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilimwambia yote, tangu tundu la waya.

Aliendelea kuchambua. "Najua," alisema.

"Mama alikuambia?"

"Hapana. Siku ile ile, nilipokikata kile kifuniko kuni. Niliviona vidole. Kwani mimi si seremala? Ningekosaje kuona vidole vya mtoto wangu?"

Niliacha kuchambua. "Siku ile ile? Baba, walikuwa bado hawajahama. Walikaa wiki tatu. Mbona hukumfuata?"

Alichambua majani mawili, matatu.

"Ingekuwa rangi tu, ningekwenda," alisema mwishowe. "Rangi ni kosa la kopo. Lakini nilikuwa nimemtajia kwao mbele ya mke wake. Hilo ningelirudishaje? Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda. Usiku nilikuwa namsikia akikohoa huko mlango wa tatu." Akachukua jani jingine. "Usiniulize tena, mama."

Sikumwuliza tena. Tulimzika Desemba, na mahubiri yalikuwa mazuri. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu asiye na maneno mengi.

Baada ya mazishi nilitiwa kwenye kundi la simu la watu waliokulia mtaani kwetu. Kazi yetu humo ni kusifu zamani. Kila asubuhi mtu anatuma picha ya ua lile, na wengine wanajibu: enzi zetu, tulipendana, hapakuwa na kabila, jirani alikuwa ndugu. Na humo ndimo nilimkuta Akinyi. Alikuwa ametuma picha ya babake, kijana, amesimama kando ya behewa na brashi mkononi. Chini yake aliandika kwamba alimpenda, ingawa kwa uzembe wake waliteseka, yeye akaacha shule darasa la sita, lakini ameshamsamehe.

Nilisoma sentensi ile nikiwa nimesimama jikoni. Nikakaa chini. Nikapiga simu.

Alifurahi kusikia sauti yangu. Alicheka kicheko kile kile, akaniuliza habari za watoto, akataja vile viatu vyetu. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia. Sikujitetea kwa umri wangu, wala kwa mama, wala kwa mkanda. Nilimwambia pia kuhusu vidole, kwamba babake aliviona na kuvifunika kwa kidole chake.

"Nilimkasirikia baba yangu hadi anaingia kaburini," Akinyi alisema. "Alipokuwa anaumwa aliniomba nije Nairobi nimwone. Nilikataa. Nilimwambia aulize samaki wa daktari. Unasikia, Nekesa? Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Alisema tu, 'Sawa, nyathina.' Mtoto wangu."

"Akinyi, nisamehe."

"Msamaha huo unamwomba nani, mimi au yeye?" aliniuliza, na kweli alikuwa anauliza. Kisha akakata.

Dakika chache baadaye jina lake likatoka kwenye kundi. Mtu mmoja akauliza, "Akinyi ameenda wapi?" Mwingine akajibu kwamba huenda ni mtandao wa huko kwao. Kisha mtu akatuma picha ya mandazi kwenye gazeti, na watu arobaini wakaandika kwamba hakuna siku zitakazorudi kama zile.

Mwezi uliopita kijana wangu, Wekesa, alivunja kioo cha gari la jirani wa ghorofa ya chini akichezea mpira mahali alipokatazwa. Hakuna aliyemwona. Wekesa ni kijana wa siku hizi hasa: suruali inamshuka, anamwita kila mtu "msee", hawezi kusema sentensi moja ya Kiswahili iliyonyooka bila kuivunja mgongo. Wenzangu na mimi tunasema vijana hawa hawana heshima, hawajui kuona haya, kila kitu wanakitoa nje. Alinijia jikoni akaniambia, "Mathe, nimeharibu," akageuka kuelekea ngazini.

"Unakwenda wapi?" niliuliza.

"Kumshow ni mimi nilivunja. Si ni yeye mwenye gari?"

Na mimi, ambaye nimebeba jambo hili miaka yote hii, nilijikuta mlangoni nikimwita kwa sauti ya chini arudi ndani kwanza, tufikirie, tuone kama kuna mtu aliyemwona. Hakurudi. Nilisikia viatu vyake vikishuka, kisha akibisha mlango wa watu, mara tatu, kwa nguvu.